Kujitegemea Hakuanzi Siku ya Kuondoka

Kijana anayelelewa kwenye makao ya watoto hujifunza kujitegemea kwa njia ileile anayojifunza kijana wa nyumbani: anapewa jambo dogo alifanye mwenyewe, anakosea, anarudia, kisha anapewa kubwa zaidi. Njia nyingine haijapatikana. Hata hivyo swali wanaloulizana wanakamati wa makao, wafadhili na hata baadhi ya maofisa ustawi wa jamii, mwaka nenda mwaka rudi, ni moja tu: akifikisha miaka 18 na kuondoka, apewe nini? Swali hilo limekosewa tangu neno la kwanza. Linachukulia kwamba kujitegemea ni kitu cha kukabidhiwa getini, na kwa hiyo kila jibu lake hufika miaka sita au saba baada ya wakati.

Jibu lililozoeleka linafahamika. Kijana hupewa godoro, blanketi, ndoo, sufuria mbili na nauli. Pakiwa na mfadhili mwenye uwezo, huongezwa cherehani, au vifaa vya saluni, au mtaji wa kufungulia genge. Wiki chache kabla ya hapo hupelekwa semina ya stadi za maisha ya siku tatu au wiki moja. Hufundishwa bajeti, ujasiriamali, kujithamini na afya ya uzazi, na hupewa cheti. Siku ya kuagwa kuna keki, hotuba na picha ya pamoja. Baada ya hapo geti linafungwa, na kila aliyehusika anarudi kwake akiamini kazi imekamilika, kwa kuwa vitu vimeonekana, risiti zipo na ripoti ya mwaka imepata picha zake.

Kifurushi hiki lazima kichambuliwe kitu kimoja kimoja, kwa sababu ndicho kinachokula fedha na muda ambavyo vingemfaa kijana angali ndani.

Cherehani kwanza. Mashine haishoni peke yake. Inataka fremu, au kibaraza cha fundi mwingine aliye tayari kumpisha mgeni; na fremu inataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Inataka uzi, sindano, mkasi, pasi, na fundi wa kuitengeneza ikikwama. Zaidi ya vyote inataka wateja, na wateja wa fundi nguo wa mtaani hawaletwi na bango. Wanaletwa na shangazi, na jirani, na wenzake wa kwaya au wa madrasa, na mama wa dukani anayemfahamu tangu akiwa mdogo. Kijana aliyekulia kwenye makao na kuhamia mtaa asioujua hana hata mmoja kati ya hao. Ana mashine na ana chumba cha kulipia. Siku ya kodi inapofika, kitu pekee chenye thamani mle chumbani ni ile mashine, basi inauzwa kwa nusu ya bei, na taarifa inayorudi kituoni ni kwamba kijana hakuthamini msaada. Maneno hayo yanasemwa mara nyingi mno na yanapaswa kukoma. Aliyeuza mashine ili asilale nje amepiga hesabu sahihi kwa hali aliyokuwa nayo. Aliyekosea hesabu ni aliyempa mashine bila mtaa na bila mtu.

Mtaji wa mkononi una kasoro hiyohiyo, na unayo nyingine ya ziada: mara nyingi ndiyo pesa kubwa ya kwanza ambayo kijana huyo amewahi kuishika. Mtu ambaye hajawahi kuwa na shilingi 10,000 za Tanzania zilizo zake mwenyewe kwa siku saba mfululizo anapewa 300,000 asubuhi ya siku anayohama, huku ana njaa, ana woga, na ana rafiki watatu waliomtangulia kutoka ambao wanadaiwa. Pesa hiyo ikidumu mwezi ni ajabu.

Semina ndiyo dawa inayoaminiwa kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo iliyopimwa vizuri kuliko zote. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1999 ya kutenga fedha za kuwaandaa vijana wanaotoka kwenye malezi ya serikali, na baadaye programu kadhaa zikawekwa kwenye mizani: vijana waligawanywa kwa kura, wengine wakaingia kwenye programu na wengine wakabaki na huduma za kawaida, kisha wote wakafuatiliwa. Mojawapo ilikuwa programu ya stadi za maisha ya kaunti ya Los Angeles. Hiyo haikuwa semina ya siku tatu kwenye ukumbi wa kukodi. Ilichukua wiki tano, vipindi viwili kila wiki, ikafanyika kwenye vyuo vya jamii, kwa vijana wa miaka 17. Matokeo yalitoka mwaka 2008. Waliofundishwa na wasiofundishwa hawakutofautiana kwa namna ya maana: si kwa elimu, si kwa kazi na kipato, si kwa makazi, si kwa kuwa na akaunti ya benki au vyeti vyao, wala hata kwa kujiona wako tayari kwa maisha.

Programu nyingine katika mfululizo huohuo wa tathmini, ya jimbo la Massachusetts, haikuwa na darasa. Kila kijana alikuwa na mfanyakazi wake mmoja, aliyekutana naye mara kwa mara na kushughulika na jambo lililokuwa mbele ya kijana huyo kwa wakati huo: fomu, nauli, chuo, kazi. Vijana hao walijiunga na vyuo kwa wingi kuliko wenzao, na wengi zaidi walibaki chini ya malezi baada ya kutimiza miaka 18. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba huenda kule kubaki ndiko kulikowasaidia kusoma. Sawa. Hata tahadhari hiyo inaelekeza palepale, kwa mtu mmoja anayejulikana na muda wa kutosha, na haielekezi kwenye cheti cha semina.

Kwa nini darasa linashindwa? Mfano wa jikoni unatosha kueleza. Msichana wa miaka 17 aliyekulia kwenye makao yenye watoto 60 anaweza kusonga ugali wa watu wote hao bila donge hata moja. Ni kazi nzito na anaijua vizuri. Lakini unga aliukuta umeshapimwa na mtunza stoo, kuni zilikuwa zimepasuliwa, na mboga ililetwa na gari Jumanne. Hajawahi kusimama mbele ya duka na kuuliza kilo ya sembe ni shilingi ngapi. Hajui kwamba nyanya za mafungu hushuka bei jioni, wala kwamba mafuta ya kula ya kupimiwa kidogokidogo hugharimu zaidi, yakijumlishwa, kuliko lita nzima. Mkaa wa kopo hajawahi kuununua, na jiko la kupikia mtu mmoja hajawahi kuliwasha. Wiki ya kwanza kwenye chumba chake anasonga ugali wa watu wanne kwa sababu mkono wake haujui kipimo kidogo. Unaobaki unachacha, anautupa, na kilo tano zilizokusudiwa kwa nusu mwezi zinakwisha kabla ya wiki kwisha. Watu wa nje husema hajui maisha. Anayajua vizuri sana maisha ya bwalo, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa kila siku kwa miaka kumi, na hakuna mwezeshaji wa semina atakayeyafuta kwa saa mbili za ubaoni.

Umeme vivyo hivyo. Nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na mita moja ya umeme wa kulipia kabla, LUKU, ina mazungumzo yasiyokwisha: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani alichanga juzi na nani amesafiri. Anayelelewa nyumbani huyasikia mazungumzo hayo tangu utotoni. Aliyelelewa mahali ambapo bili hulipwa na ofisi anaingia bila kujua kwamba kuna kuchanga, na kabla ya mwezi kwisha ameshakosana na wapangaji wenzake na mwenye nyumba ameshamhesabu kuwa mkorofi.

Nyuma ya kifurushi cha kuagia kuna hofu, na hofu hiyo ndiyo mzizi wenyewe. Walezi wengi huamini kwamba kijana akishikishwa pesa mapema, akiwa na simu, akienda sokoni peke yake, ataharibika. Heri abanwe mpaka 18. Hofu haikuzuka hewani. Baadhi yao wameona msichana akipata mimba akiwa kidato cha pili, au mvulana akirudi ananuka bangi, na wao ndio waliobeba lawama. Lakini kubanwa hakuondoi kosa, kunaliahirisha tu, na kosa lililoahirishwa huja na gharama kubwa. Mtoto wa miaka 12 anayepoteza shilingi 2,000 analala ameshiba, na mlezi yupo wa kumuuliza ilikuwaje. Kijana wa miaka 19 anayepoteza kodi ya miezi mitatu analala stendi. Kosa ni lilelile, limesogezwa tu kutoka mahali penye mtu hadi mahali pasipo na mtu.

Tena kubanwa huko hakuleti nidhamu. Kwenye makao mengi kengele ndiyo inayoamsha, inayolisha, inayosomesha na inayolaza. Mtoto anayeifuata kwa miaka yote hiyo anaonekana mtiifu, na hakika ni mtiifu, kwa kengele. Siku kengele inapokosekana hana kitu kingine ndani yake cha kumwamsha saa kumi na moja alfajiri awahi daladala.

Kuna madhara mabaya zaidi ya hayo, na hayazungumzwi vya kutosha. Mtoto wa makao hufundishwa kushukuru. Wageni huja Jumamosi na katoni za sabuni na biskuti. Watoto hupangwa mstari, huimba, hupokea, hupigwa picha. Hawaulizwi kama wanataka kupigwa picha. Hawaulizwi wanataka nini. Anayekunja uso huonywa jioni. Kwa njia hii mtoto hufundishwa, Jumamosi baada ya Jumamosi, kwamba mtu mzima mwenye chakula hakataliwi. Akitoka getini na kukutana na bwana anayempa chumba, au mwajiri anayempa kazi ya ndani bila mshahara kwa kisingizio cha kumsaidia, atafanya hasa kile alichofundishwa. Uwezo wa kusema hapana hujengwa kwa kusema hapana na kusikilizwa: sitaki picha, sitaki gauni hili, siyawezi masomo ya sayansi, huyu mjomba anayekuja kunitembelea simtaki. Makao yasiyoruhusu hapana ndogo hayawezi kushangaa hapana kubwa inapokosekana.

Kinachotakiwa badala ya kifurushi kinajulikana, na hakihitaji jengo jipya. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, iliyopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, inasema maandalizi ya maisha baada ya makao yaanze mapema iwezekanavyo mtoto akiwa kwenye malezi, na kwa vyovyote yaanze muda mrefu kabla hajaondoka, na kwamba pale inapowezekana kila kijana awe na mtu maalumu wa kumsaidia kufikia kujitegemea. Kenya na Tanzania zote zina sheria zinazosimamia makao haya: Tanzania Bara Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Kenya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Zote zinamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Umri huo wa kisheria umegeuzwa kuwa tarehe ya kufukuzia, jambo ambalo hakuna mzazi anayelifanya kwa mwanawe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya vijana kwa wastani huhama kwa wazazi wakiwa na miaka 26 hivi, na Uingereza imeongeza haki ya kusaidiwa na mshauri binafsi hadi miaka 25 kwa waliotoka kwenye malezi ya serikali. Afrika Mashariki mtoto wa nyumbani huenda mjini, hushindwa, hurudi kwa mama, hukaa miezi mitano, hujaribu tena, na hakuna anayeliita hilo kushindwa kwa malezi. Mike Stein wa Chuo Kikuu cha York, aliyetafiti suala hili kwa miongo mingi, ameonyesha kwamba vijana wa makao huvuka kwenda utu uzima mapema kuliko wenzao na kwa muda uliobanwa, mambo yote yakiwashukia mara moja: nyumba, kazi, upweke, mara nyingi na mtoto.

Mafunzo yenyewe yanaanza na fedha, kwa sababu ndizo zinazoogopwa zaidi. Mtoto wa miaka 10 au 11 apewe posho ya wiki, hata shilingi 1,000 ya Tanzania au 50 ya Kenya, bila masharti ya matumizi na bila kuongezewa ikiisha. Hapo kwenye kutokuongezewa ndipo penye somo. Aliyeimaliza Jumatatu kwa ubuyu na juisi, akakaa hadi Jumamosi akiwatazama wenzake, amejifunza jambo ambalo halifundishiki ubaoni. Mlezi anayemwonea huruma Jumatano na kumtolea mia tano amelifuta somo zima, na walezi wenye huruma ndio wanaohitaji kukumbushwa hili mara nyingi zaidi. Akifikisha 14, posho ikue na ibebe vitu vya lazima: sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka, dawa ya meno, kalamu. Taulo za kike zibaki stoo na zitolewe bila kuombwa. Hedhi si mahali pa kufundishia bajeti. Akifikisha 16, fungu lake la nguo la mwaka liwe mkononi mwake, aende soko la Karume au la Gikomba achague mwenyewe mtumba anaoutaka, apatane bei, na akirudi na raba za kifahari bila sweta, apigwe na baridi ya Julai.

Makao hujibu kwamba fedha hazipo. Zipo, kwa kuwa sabuni hiyohiyo tayari inanunuliwa. Ni kweli kwamba ikinunuliwa kwa jumla ni nafuu, na mtoto akinunua kipande kimoja dukani bei inapanda. Tofauti hiyo ndiyo ada ya somo, na ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya semina yenye ukumbi, chai na posho za wawezeshaji.

Jikoni hakuhitaji mapinduzi. Jiko kubwa libaki, lakini pembeni pawe na jiko la mkaa na la gesi, na kila wiki vijana wanne wa miaka 14 na kuendelea wapewe fungu lao la mlo wa siku mbili, waende gengeni, wapange, wapike, wale walichopika. Wakiunguza maharage, wale maharage yaliyoungua. Mtu mzima akae karibu bila kushika mwiko.

Mengine yanakwenda na umri na hayahitaji maelezo marefu. Kwenda zahanati peke yake na kujieleza kwa daktari. Kupanda daladala hadi upande wa pili wa mji na kurudi. Kuwa na ufunguo wa kabati lake ambalo mlezi halifungui bila kubisha. Kukaa kwenye kikao kinachojadili mpango wake wa malezi, ausome mpango huo, apinge asichokubaliana nacho, na kupinga kwake kuandikwe. Kuwa na simu yenye laini iliyosajiliwa na mtu mzima anayewajibika, kwa saa zilizokubaliwa, kwanza ya pamoja na baadaye yake, kwa sababu kijana atakayeshika simu mara ya kwanza akiwa na miaka 18 ndiye chakula cha matapeli wa miamala. Mipaka inabaki: ukatili, dawa za kulevya na unyonyaji wa kingono havijadiliwi popote. Lakini orodha ya yasiyojadiliwa iwe fupi, ili mtoto ajue uzito wake.

Karatasi ndilo eneo ambalo makao mengi huzembea, na uzembe wake hauna udhuru. Tanzania, bila namba ya utambulisho ya mamlaka ya vitambulisho, NIDA, mtu mzima hasajili laini kwa jina lake. Bila laini hana akaunti ya fedha ya simu. Bila hizo hata kibarua wa kulipwa kwa wiki huonekana wa kutiliwa shaka. NIDA hutaka taarifa za wazazi na cheti cha kuzaliwa ni msaada mkubwa, na mtoto aliyeokotwa au aliyeletwa na polisi bila jina la ukoo hana vyote viwili. Usajili wa kuzaliwa uliochelewa unawezekana kupitia wakala wa usajili, RITA, kwa ushahidi kama kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au cheti cha shule ya msingi, lakini ushahidi mwingi hukusanywa kirahisi mtoto akiwa na miaka 6, wakati muuguzi na mjumbe wa mtaa alikookotwa wangali wanakumbuka. Akiwa na miaka 17 muuguzi ameshahama na mjumbe ameshafariki. Kenya hali inafanana: kitambulisho cha taifa huombwa kwa vitambulisho vya wazazi, na asiye na wazazi hupitia kwa chifu na ofisa wa watoto, safari ambayo ni nyepesi ikianza mapema na nzito mno kwa kijana aliyekwishaondoka. Mtoto anapopokelewa, faili lake lifunguliwe pamoja na ombi la cheti, wiki hiyohiyo.

Baada ya karatasi, watu. Watoto wengi wa makao si yatima wa pande zote mbili. Wana mzazi mmoja hai, au bibi, au shangazi aliyeshindwa kwa umaskini. Uhusiano huo ukikatwa kwa miaka kumi haufufuki kwa barua ya mwezi wa mwisho. Likizo kwa bibi, simu kwa kaka, kumzika mjomba: hayo ndiyo yanayompatia kijana mdhamini, kwa maana mwajiri atauliza, na mwenye nyumba atauliza, nani anakufahamu? Kenya imejiwekea mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unaolenga kuhamisha malezi kutoka kwenye taasisi kwenda kwenye familia, na mwelekeo huo ni sahihi. Hatari yake ni haraka. Kijana wa miaka 16 akisombwa na mizigo yake hadi kwa baba wa kambo asiyemjua, ili idadi ya waliounganishwa na familia ipande, hajaunganishwa na familia. Ametupwa kwa heshima.

Njia za kupitia zinazofaa, kwa ufupi. Kubaki kwenye makao hadi amalize mafunzo ya ufundi ya VETA, chuo au kidato cha sita, kwa makubaliano ya maandishi yanayosema atachangia nini. Nyumba ya vijana nje ya uzio, wanne au watano, mlezi anayepita bila kulala. Vijiji vya SOS, vilivyoanzia Imst nchini Austria mwaka 1949 na vilivyopo Zanzibar, Arusha, Mombasa na Eldoret, vimekuwa na hatua hii ya nyumba za vijana kwa miaka mingi. Kupanga wawili kwenye nyumba yenye familia, si mmoja kwenye chumba cha uani. Kukaa kwa fundi kama mwanagenzi mwaka mmoja kabla ya kupewa mashine, na mashine ije pale fundi atakaposema ana wateja wake. Kodi yote ilipwe na makao kwa miezi mitatu, kisha nusu kwa miezi mitatu, kisha robo, badala ya mtaji wa mkupuo. Kikundi cha vijana kinachoomba mkopo wa halmashauri nchini Tanzania, ambako asilimia 4 ya mapato ya ndani hutengwa kwa vijana, kikundi hicho kiwe na watu wa mtaa na si wenzake wa makao peke yao. Chama cha waliotoka kwenye makao. Kenya kuna chama cha kitaifa cha namna hiyo, na wakubwa wanajua mitego ambayo wafanyakazi hawaijui. Mwenye ulemavu wa akili au ugonjwa wa kudumu apangiwe malezi ya watu wazima kabla ya miaka 17, kwa maandishi, na ofisa ustawi akiwa ndani ya kikao.

Baada ya kuhama, mtu mmoja aliyetajwa kwa jina, ambaye kijana alimchagua na si aliyepangiwa na ofisi, ampigie simu kila wiki kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha kila mwezi hadi mwaka wa pili uishe. Amtembelee chumbani, anywe chai, ajulikane kwa mwenye nyumba. Kama mtu huyo ni mfanyakazi wa makao na akaacha kazi, amkabidhi kijana kwa mwingine ana kwa ana. Kitanda kimoja kiachwe wazi kwa anayerudi kwa wiki mbili akiwa amepoteza kazi au amefukuzwa nyumba, naye asipokelewe kwa hotuba. Sikukuu aalikwe kula, asialikwe kutoa ushuhuda mbele ya wafadhili. Faili lake, pamoja na picha za utotoni na nakala za vyeti, litunzwe na makao bila kikomo, kwa kuwa wengi hurudi kuliulizia wakiwa na miaka 25 au 30, wanapooa au kuolewa, wanapozaa, au wanapomtafuta ndugu. Na anayefika kwa ajili hiyo aketishwe na mtu anayeifahamu historia yake, alisome lote, na aondoke na nakala.